Ganda Likidondoka, Liache Kwanza

Toleo lililopita niligusia kwa sentensi moja tu kwamba kabla ya kurudi Mwanza kuuza dagaa hapa Kirumba, niliajiriwa miaka kadhaa kwenye uwanja mmoja wa shabaha kule Kenya. Kazi yangu ilikuwa kupakia sahani za shabaha kwenye mashine na kuokota maganda ya risasi zilizokwisha kupigwa. Basi mhariri kaniletea bahasha imejaa. Kumbe wasomaji wa safu hii mna bunduki, au mna mabosi wenye bunduki. Maswali ya ndoa na viwanja yatasubiri toleo lijalo.

*Shikamoo mzee. Mimi ni mhasibu, nakaa Nyegezi. Mwezi ujao ofisi inatupeleka Nairobi kwenye mafunzo, na siku ya mwisho mkurugenzi ametuandalia mchezo wa kupiga sahani za udongo kwa shotigani. Bunduki ni za klabu na mwalimu atakuwepo. Sijawahi kushika bunduki maishani. Sina wasiwasi wa kukosa shabaha, nina wasiwasi wa kuonekana mshamba. Hasa hayo maganda: nikishapiga niyaokote, niyaache, au kuna mtu wa kumkabidhi? — Mhasibu, Nyegezi*

Marahaba mwanangu. Umeuliza la maana kuliko wengi waliokuja pale na kofia mpya na miwani ya bei. Kukosa shabaha hakumwaibishi mtu. Mabingwa nao hukosa. Kinachomtambulisha mgeni ni mikono yake baada ya mlio.

Kwanza ujue unachopiga. Sahani ni kitu cha duara chenye upana wa milimita 110 hivi na uzito wa gramu 105 au karibu na hapo. Za kwanza, alizobuni George Ligowsky wa Cincinnati, Marekani, mwaka 1880, zilikuwa za udongo kweli. Za leo ni lami na unga wa mawe ya chokaa, ndiyo maana zinapasuka kwa kuguswa na marisau machache tu, zile punje ndogo zinazotoka ndani ya risasi ya shotigani. Raundi moja ni sahani 25. Kundi la watu watano likimaliza raundi limeacha maganda yasiyopungua 125, na kama mchezo unaruhusu risasi ya pili kwa sahani iliyokukwepa, ni zaidi. Ukifikiria siku nzima ya mashindano utaelewa kwa nini mgongo wangu uko hivi ulivyo.

Mgeni kwa kawaida hupewa bunduki ya mitutu miwili iliyopandana, ile inayokunjwa katikati. Ukishapiga unaifungua na maganda yanachomoza. Bunduki nyingine huyasukuma kidogo tu, uyamalizie kwa vidole. Nyingine zina springi inayoyarusha nyuma kwa kasi, yapite juu ya bega lako yakampate aliyesimama hapo akisubiri zamu. Sasa fanya hivi: mdomo wa bunduki ukiwa umeelekea mbele uwanjani, sukuma komeo kwa dole gumba, kisha funika sehemu ya nyuma ya mitutu kwa kiganja hichohicho unapokunja. Maganda yataingia mkononi. Yana vuguvugu, hayaunguzi. Tia mfukoni, au kwenye ndoo kama ipo karibu na kituo chako.

Usikimbilie kulifungua, lakini. Mwenzako wa kulia ndiye anayefuata, na pengine ameshaweka bunduki begani. Mlio wa komeo na ganda kugonga zege vinatosha kumkosesha sahani. Wapigaji waungwana hukunja bunduki kidogo tu, maganda yakae ndani, wakasubiri jirani apige, ndipo wakayatoa. Hicho ni kitu ambacho hakuna atakayekusifu kwa kukifanya, ila usipokifanya watakitaja njiani kurudi mjini.

Ganda likikuponyoka likaanguka, liache. Hata likiwa mbele ya kiatu chako. Ukiinama na bunduki mkononi, mdomo wake unazunguka ukipita miguu ya watu. Ukisogea hatua moja mbele kulifuata, umetoka kwenye mstari wakati mwingine yuko tayari kufyatua. Nilimshuhudia mtu mzima, mwenye cheo, akiinama kufuata ganda tupu huku jirani yake ameshaita sahani kwa sauti. Mwamuzi alipiga ukelele ambao naamini hata mwenzangu aliyekuwa shimoni aliusikia.

Nikueleze na hilo shimo, maana ndilo lililonifundisha adabu ya bunduki. Kwenye mchezo wa handaki, ule wa Olimpiki, mashine zinazorusha sahani ziko chini ya usawa wa ardhi, mita 15 mbele ya wapigaji. Sahani inaruka kwenda mbele kiasi cha mita 76 kabla ya kutua. Mle ndani husikii maneno ya juu, unasikia springi na ngurumo. Mashine ikigoma natoa bendera, mwamuzi anasimamisha mchezo, bunduki zote zinakunjwa na kutolewa risasi, ndipo natoa kichwa. Nikishatoka nilikuwa sitazami sura za watu, natazama bunduki. Iliyokunjwa unaiona tangu mbali, na nilitembea bila shaka. Iliyofungwa, hata mwenyewe aape kwa mama yake kwamba haina kitu, nilirudi chini nikakaa. Kwa hiyo mwanangu, ukiwa hupigi, bunduki yako iwe imekunjwa na tupu. Ukihama kutoka kituo kimoja kwenda kingine, imekunjwa na tupu. Ukisimama kuongea na mkurugenzi, vilevile. Kwenye mstari unaweka risasi zamu yako inapokaribia, na unafunga bunduki pale jirani anapomaliza kupiga, si kabla.

Ukibonyeza kifyatulio na risasi isilipuke, usifungue. Iache bunduki ielekee mbele, inua mkono usio na bunduki, uhesabu nusu dakika, maana baruti nyingine huchelewa kuwaka. Mwalimu atakuja. Na ukisikia mlio dhaifu, kama pumzi, simama hapohapo: huenda kizibo cha plastiki, kile kinachokaa kati ya baruti na marisau, kimekwama ndani ya mtutu, na risasi inayofuata ikigongana nacho mtutu unapasuka. Risasi iliyogoma haitupwi kwenye ndoo ya maganda. Tafadhali sana. Mimi ndiye niliyekuwa naingiza mikono kwenye ndoo hiyo.

Mwamuzi akitangaza raundi imekwisha na bunduki zote zimewekwa kwenye stendi, hapo unaweza kuokota. Okota ya kituo chako, usizurure. Klabu nyingi zina kawaida kwamba ganda likishagusa ardhi ni mali ya uwanja, kwa sababu yapo yanayouzwa kwa wajazaji risasi wenye vibali. Uliza kabla hujaanza kujaza mfuko. Na yule kijana anayepita na ndoo, msalimie. Siku nzima anaongeleshwa na watu wanaotazama angani.

Mengine nayapitia haraka. Vaa vizuia sauti masikioni, mlio wa shotigani unapita desibeli 140. Vaa miwani, vipande vya sahani hurudi. Usimfundishe mwenzako aliyekosa kama hajakuomba. Mgeni anayefundisha wageni wenzake nimemwona kila mahali, hadi kwenye kuparua samaki. Usibishane na mwamuzi akisema umekosa. Na kabla hujagusa nyama choma, nawa mikono kwa sabuni na maji ya baridi, maana fataki, ile ya kitakoni inayowasha baruti, na marisau vinaacha vumbi la risasi, yale madini, kwenye vidole.

Ukitaka ganda la kumbukumbu, lipige picha. Ganda tupu ndani ya begi la mkononi, kwenye mashine ya ukaguzi ya uwanja wa ndege, litakufanya uanze kujieleza mbele ya askari huku wenzako wakipanda ndege.

*Mzee wangu, shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Bwiru, nipo Uingereza kwa masomo na nimejiunga na klabu ya kupiga sahani. Kuna mzee mmoja hupenda kusimama kushoto kwangu, ana bunduki inayojipakia na kutema maganda yenyewe. Kila akipiga, ganda linanipata mkononi au shavuni. Ni mtu mzima, umri wa babu yangu, naona haya kumwambia. Nifanyeje? — Binti wa Bwiru*

Marahaba binti yangu. Haya yako ni ya malezi mazuri, ila hapa isikuzuie. Bunduki za namna hiyo nyingi hutema kulia, kwa hiyo anayesimama kulia kwake ndiye anayepata mvua. Yeye mwenyewe haoni, macho yake yako kwenye sahani. Kuna kifaa kidogo cha kubana pembeni ya bunduki kinachoshika ganda lisiruke, na wenye adabu wanacho, au wanafunga hata mpira. Inawezekana kabisa mzee huyo hajawahi kuambiwa.

Njia ya kwanza, isiyomuumiza mtu: kabla raundi haijaanza, mwombe mwamuzi abadili mpangilio, wewe uwe kushoto kwa mzee. Kwenye mchezo wa vituo vitano mnahama kwa mzunguko, mpangilio haubadiliki, kwa hiyo ukianza kushoto kwake maganda yatakuwa shida ya mwingine. (Huyo mwingine naye ana mdomo wake.) Njia ya pili ni kumwendea mzee mwenyewe baada ya raundi, bunduki zimewekwa, umsalimu na kumwambia kwamba maganda yake yanakufikia. Sema hivyo tu, bila lawama. Usimwambie katikati ya mchezo na usimgeukie kwa hasira ukiwa na bunduki mkononi. Waingereza kwenye viwanja hivi, kwa ninavyowafahamu waliokuja kwetu, wanaona aibu kubwa zaidi kugundua walikukera kimyakimya kuliko kuambiwa.

Jambo la hatari ni hili. Ganda lenye joto likiingia ndani ya kola, mtu huruka na kuzunguka akijikung'uta, na bunduki inazunguka naye. Nimeona mstari mzima ukilala chini kwa sababu ya ganda moja shingoni mwa mtu. Funga kola, vaa kofia yenye ukingo, na likikuingia, vumilia: elekeza mdomo mbele, fungua bunduki, itoe risasi, iweke, halafu ujikune utakavyo.

Na kwa kuwa uko huko, angalia kibao cha getini kuhusu vizibo. Viwanja vingi vya Uingereza vilivyo kwenye mashamba ya mifugo vinakataa risasi zenye kizibo cha plastiki na kutaka cha nyuzi kinachooza. Kizibo hutua mita ishirini, thelathini mbele, kwenye nyasi anazokula ng'ombe wa mtu.

*Habari za kazi baba. Shemeji yangu alikuwa kibarua kwenye shamba lenye uwanja wa shabaha, amerudi nyumbani na kiroba cha maganda na kopo la marisau aliyoyachekecha kwenye udongo. Watoto wanapuliza maganda kama filimbi. Mume wangu ni mvuvi, anataka kuyeyusha hayo marisau jikoni atengeneze vizito vya wavu. Mimi moyo unakataa. — Mama wa watoto watatu, Ukerewe*

Nzuri mama. Moyo wako uko sahihi, na nitaomba umsomee baba watoto jibu hili lote.

Wanyang'anye watoto maganda leo. Usisubiri jioni. Ndani ya ganda lililopigwa kuna masizi ya baruti na ya fataki, na fataki nyingi hutengenezwa kwa mchanganyiko wenye madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani limesema wazi hakuna kiwango cha madini hayo mwilini kinachojulikana kuwa salama, na anayeumia zaidi ni mtoto mdogo: akili, masomo, tabia, damu. Haonekani mgonjwa. Anakuwa mzito shuleni, mnamchapa kwa uvivu. Wapeleke kituo cha afya, na ukifika taja maneno haya, kwamba walikuwa wakiweka mdomoni vitu vyenye madini ya risasi. Usipotaja, watapimwa malaria na kurudishwa.

Sasa kiroba. Kimwage chini nje, shemeji mwenyewe akiwepo, mtazame mdomo wa kila ganda. Lililopigwa liko wazi mbele, kingo zimechanika au kufunguka, unaona hadi ndani. Risasi nzima imefungwa mbele kwa mikunjo inayokutana katikati, na ukiipima mkononi ni nzito. Usidanganywe na kitako: risasi iliyogoma ina alama ya kugongwa katikati ya kitako, sawa na ganda tupu, lakini bado ina baruti na marisau. Mkikuta ya namna hiyo msiikate, msiichome, msiitupe ziwani wala chooni. Itengeni na watoto, mtoe taarifa polisi mapema. Kumiliki risasi bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na anayekwenda mwenyewe kueleza ana hali tofauti na anayekutwa nayo. Kujaza maganda upya nyumbani pia msijaribu, kunahitaji kibali.

Kuhusu vizito. Madini ya risasi yanayeyuka kwa nyuzi 327, moto wa mkaa unafika huko bila taabu, ndiyo maana wavuvi wanaona ni rahisi. Lakini mvuke na vumbi lake vinatua kwenye sufuria, kwenye unga, kwenye nywele za anayekoroga na sakafuni mtoto anapotambaa. Sufuria iliyoyeyushia haioshwi ikarudi kupikia ugali, hata ikisuguliwa kwa mchanga. Hapo Ukerewe mna mawe na mna wafinyanzi. Vizito vya udongo wa kuchoma vilizamisha nyavu zamani na vinazamisha leo. Marisau yenyewe yafungeni kwenye kopo lenye mfuniko, muwaulize wanunuzi wa betri mbovu za magari. Shimo la shambani si mahali pake.

*Mjomba, kwa nini maganda mengine ni ya njano na mengine mekundu au ya bluu? Ni urembo? — Dereva, Igoma*

Nyekundu, bluu, kijani, nyeusi: urembo wa kiwanda. Njano usiichezee. Njano ni rangi iliyotengwa kwa risasi za kipimo cha 20, ambazo ni nyembamba kuliko zile za kipimo cha 12 zinazotumiwa na wengi. Risasi ya 20 ikiingizwa kwenye bunduki ya 12 inateleza ndani ya mtutu na kukwama mbele kidogo, huioni. Mwenye bunduki anadhani hakuweka kitu, anaweka ya 12 nyuma yake, anafyatua. Mtutu unapasukia penye mkono wake wa kushoto. Ndiyo sababu vipimo viwili havichanganywi mfuko mmoja, na mwokotaji akiona ganda la njano katikati ya mekundu anamwita mwamuzi papo hapo.

*Mzee shikamoo. Nipo kwenye serikali ya kijiji chetu, ufukweni upande wa Magu. Kuna mwekezaji anataka kujenga nyumba za wageni na uwanja wa kupiga sahani. Amesema wapigaji watasimama nchi kavu na kuelekea ziwani, kwa hiyo hakuna mtu wa kudhurika. Vijana wanataka ajira. Tumwulize nini? — Mjumbe*

Marahaba mjumbe. Ajira ipo kweli, mimi nimekula kwayo. Lakini huyo mtu kakwambia nusu.

Kila risasi ya mchezo huu ina gramu 24 hadi 28 za marisau. Piga hesabu: raundi moja ya mtu mmoja, risasi 25 za gramu 24, ni gramu 600. Watu watano ni kilo tatu. Zote zinatua majini, na hakuna mwenye ndoo atakayeziokota humo. Bata maji na ndege wengine wanaochokoa tope humeza changarawe ili kusaga chakula, na punje ya marisau hawaitofautishi. Kwa sababu hiyo Marekani ilipiga marufuku marisau ya madini ya risasi katika uwindaji wa ndege wa majini mwaka 1991, na Umoja wa Ulaya ukazuia kuyapiga kwenye maeneo oevu kuanzia Februari 2023. Asije mtu kutufanya sisi jalala la walichokikataa kwao.

Akisema atatumia marisau ya chuma, bado kuna vizibo vya plastiki vinavyoelea hadi kwenye nyavu za dagaa, na vipande vya sahani. Lami ya sahani, hasa zile za lami ya makaa ya mawe, ni sumu. Nguruwe waliochimbua vipande kwenye mashamba ya namna hiyo wameshakufa kwa kuharibika maini. Na kijiji chenu nadhani hakikosi nguruwe.

Halafu kuna watu. "Hakuna mtu ziwani" ni maneno ya asiyeamka saa kumi na moja. Marisau ya mchezo huu yanahitaji eneo tupu la kama mita 275 mbele ya mpigaji, na ndani ya umbali huo hapo kwenu hupita mitumbwi, tena bila ratiba.

Mwambieni ageuze uwanja uelekee bara, kwenye mlima usio na makazi wala malisho, eneo lizungushiwe uzio, na marisau yawe yanachekechwa kutoka kwenye udongo kila baada ya muda kwa gharama yake, na wenye vifaa. Mwulizeni cheti cha Tathmini ya Athari kwa Mazingira kutoka mamlaka ya mazingira ya taifa, na kibali cha polisi cha uwanja wenyewe. Mkumbusheni pia kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kinachozuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Pimeni kwa futikamba, msikubali hatua za miguu yake. Na kwenye mkataba iandikwe vijana wa kuokota maganda watapewa glovu, sabuni, sare ya kuvua na kuacha hapohapo kazini, na kupimwa damu kwa gharama ya mwajiri. Akigoma kwenye hilo la mwisho, msiendelee kumsikiliza kwenye mengine.